Wito wa wanafunzi wa kwanza: tunabishania Yohana wakati kazi ngumu iko kwa Luka

Kila mwaka kati ya Januari na Februari ubishi huu wa jinsi Yesu alivyowaita wanafunzi wake wa kwanza huwa unarudi, ila safari hii umerudi na klipu. Sababu iko kwenye kalenda ya misa yenyewe. Tarehe 25 Januari 2026 Wakatoliki walisomewa Mathayo 4, pale Yesu anapita kando ya ziwa na kuwaita Simoni, Andrea, Yakobo na Yohana. Februari 9 mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Luka 5, ile ya samaki kujaa mpaka nyavu zinataka kukatika. Na mwaka 2024 ndio ulikuwa mtamu zaidi, manake Januari 14 ilisomwa Yohana 1 na wiki moja tu baadaye Januari 21 ikasomwa Marko 1, yaani Jumapili moja Petro anapelekwa kwa Yesu na mdogo wake (au kaka yake, hatujaambiwa) kule alikokuwa anabatiza Yohana Mbatizaji, Jumapili inayofuata Petro huyo huyo anaitwa akiwa ziwani Galilaya anatupa jarife (wavu wa kuvulia) kama vile hajawahi kumuona Yesu maishani, na watu wakasema "Sifa kwako ee Kristo" mara zote mbili wakarudi nyumbani kula wali.

Wanaohoji kwa sauti ni wale wa mihadhara ya Kiislamu ya hadharani. Nimeziangalia hizo klipu nyingi tu, zinazunguka TikTok na kwenye magrupu ya WhatsApp, na zinafanana: mhadhiri anamsomesha mtu Yohana 1:35-42, halafu Marko 1:16-20, halafu anauliza aliitwa wapi, na nani, kabla au baada ya Yohana Mbatizaji kufungwa? Umati unalipuka. Kisha inakuja klipu ya majibu, mhubiri anasema hayo ni matukio mawili tofauti ndugu yangu, la kwanza walifahamiana la pili waliitwa, na umati wa upande wake nao unalipuka. Kila mtu anaenda kulala akijua ameshinda. Mimi msimamo wangu ni kwamba wote wamekaa kwenye mlango usio wenyewe. Tofauti ya Yohana na Marko, ambayo ndiyo inapigiwa kelele, kwa sehemu kubwa inaelezeka na ushahidi wake umo humo humo ndani ya Agano Jipya. Tofauti ngumu kweli ni ya Luka na Marko, hiyo huwezi kuitatua kwa jibu la "matukio mawili", na bahati mbaya hakuna anayeigusa. Na ukiigusa vizuri unaona kitu ambacho hakimpi ushindi mhadhiri wala mhubiri.

Tuziweke stori zenyewe mezani kwanza, kwa sababu wengi wanabishana kwa kumbukumbu za Sunday school. Marko anasema baada ya Yohana Mbatizaji kutiwa gerezani Yesu alikuja Galilaya, akapita kando ya bahari, akawaona Simoni na Andrea wakitupa jarife, akawaambia njoni mnifuate nami nitawafanya kuwa wavuvi wa watu, mara wakaacha nyavu. Mbele kidogo akawaona wana wa Zebedayo wakitengeneza nyavu chomboni, akawaita, wakamwacha baba yao pamoja na watu wa mshahara. Basi. Hakuna muujiza, hakuna salamu, hakuna maelezo. Mathayo anaifuata hii karibu neno kwa neno, ila wale watu wa mshahara anawaruka. Luka yeye ana kitu kirefu zaidi: umati unamsonga Yesu, anaingia kwenye chombo cha Simoni anafundisha akiwa humo, halafu anamwambia Simoni asogee kilindini ashushe nyavu, Simoni anasema tumekesha usiku mzima hatujapata kitu lakini kwa neno lako nitashusha, samaki wanajaa vyombo viwili mpaka vinataka kuzama, Simoni anaanguka magotini anasema ondoka kwangu mimi ni mtu mwenye dhambi, anaambiwa usiogope tangu sasa utakuwa ukivua watu. Andrea hatajwi kabisa, jina lake Luka analileta sura ya 6. Halafu Yohana: hakuna ziwa, hakuna nyavu, hakuna samaki, hata kwamba hawa jamaa ni wavuvi hatuambiwi mpaka sura ya 21. Kuna Bethania ng'ambo ya Yordani, kuna Mbatizaji anayesema tazama Mwana-kondoo wa Mungu, kuna wanafunzi wake wawili wanaomwacha na kumfuata Yesu, mmoja ni Andrea na mwingine hana jina. Wanamuuliza unakaa wapi, wanashinda naye siku ile, ilikuwa kama saa kumi jioni. Andrea anamfuata ndugu yake Simoni anamwambia tumemwona Masihi, na Simoni anapewa jina la Kefa (yaani Petro) pale pale. Kesho yake Filipo, halafu Nathanaeli na dharau yake kuhusu Nazareti.

Sasa hoja ya mhadhiri kwa ubora wake, tusiidogoshe. Yohana anaweka haya yote kabla Mbatizaji hajafungwa, Marko na Mathayo wanaweka wito baada ya kufungwa. Kwa Yohana watu wanaletwa na watu, kwa Marko Yesu mwenyewe ndiye anayeanza. Kwa Marko jina la Petro linatolewa sura ya 3 wakati wa kuchagua wale kumi na wawili. Na hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote ingawa kwenye klipu sijaisikia: kwa Yohana Andrea anajua siku ya kwanza kwamba huyu ni Masihi, wakati kwa Marko wanafunzi wanahangaika sura nane nzima bila kuelewa huyu mtu ni nani hata upepo unamtii, na Petro kusema "wewe ndiwe Kristo" kule Kaisaria Filipi ni tukio kubwa ambalo kitabu kizima kimezunguka kulifikia. Kama walishajua tangu siku ya kwanza, ile sura ya 8 ya Marko inapungua uzito.

Ila angalia majibu yaliyomo. Yohana mwenyewe, sura ya 3 mstari wa 24, anaweka sentensi fupi ambayo haina kazi nyingine yoyote: anasema Yohana Mbatizaji alikuwa bado hajatiwa gerezani. Kwa nini umwambie msomaji hivyo kama hujui kwamba kuna stori nyingine anayoijua inayoanzia gerezani? Huyo mwandishi anajua anasimulia kipindi cha nyuma. Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, aliliona hili hili, akasema wale wainjilisti wengine watatu waliandika mambo ya baada ya Mbatizaji kufungwa na Yohana akaandika ya kabla. Na shahidi mkubwa zaidi ni Luka, tena bila kukusudia: Matendo 1:21-22, wanapotafuta mtu wa kujaza nafasi ya Yuda, Petro anaweka sharti kwamba lazima awe mtu aliyefuatana nasi wakati wote kuanzia ubatizo wa Yohana. Kuanzia ubatizo wa Yohana, sio kuanzia ziwani. Mtu aliyeandika wito wa ziwani kwa madoido kuliko wote ndiye huyo huyo anayeandika kwamba uhusiano wa kundi hili ulianzia kwa Mbatizaji.

Na binafsi nadhani hapa Yohana amebeba kumbukumbu ya zamani sana. Kusema wanafunzi wa kwanza wa Yesu walikuwa ni watu wa mwalimu mwingine haikuwa sifa kwa kanisa la mwanzo, wafuasi wa Mbatizaji walikuwa bado wapo, Matendo 19 Paulo anawakuta Efeso watu wanaojua ubatizo wa Yohana tu, na Yohana sura ya 3 yenyewe inaonyesha wanafunzi wa Mbatizaji wakilalamika kwamba watu wote wanahamia kwa Yesu. Kitu kinachoweza kukuletea maneno ya mjini hukitungi. Kwa hiyo kwenye hii mechi ya Yohana na Marko naona mhubiri ana hoja kuliko mhadhiri, japo sio yote, suala la "tumemwona Masihi" siku ya kwanza linabaki, na jina la Kefa linabaki. Hapo Yohana anafanya kinachofanyika kwenye sura yake nzima, ambayo ndani ya siku chache Yesu anaitwa Mwana-kondoo, Rabi, Masihi, Mwana wa Mungu, Mfalme wa Israeli na Mwana wa Adamu, yaani anatoa vyeo vyote mlangoni kabla hujaingia ndani.

Tuje sasa kwa Luka, na hapa naomba mtu afungue Biblia kabisa asome Marko 1:14-39 na pembeni Luka 4:31 mpaka 5:11. Kwa Marko mpangilio ni huu: wito ziwani, halafu sinagogi la Kapernaumu, halafu nyumbani kwa Simoni mama mkwe anaponywa homa, halafu asubuhi Yesu anatoka kwenda kusali. Kwa Luka ni yale yale, kwa mfuatano ule ule, isipokuwa wito umetolewa mwanzo ukapelekwa mwisho. Sinagogi, mama mkwe, asubuhi, ndipo ziwa. Unaweza kusema labda ni bahati tu. Lakini angalia alichofanya kwenye mishono. Marko anasema waliingia nyumba ya Simoni na Andrea, pamoja na Yakobo na Yohana. Luka anasema aliingia nyumba ya Simoni, kwisha, wale wengine watatu hawapo, kwa sababu kwenye mpangilio wake hawajaitwa bado. Marko anasema asubuhi Simoni na wenzake walimfuata wakimtafuta. Luka anasema waliomtafuta ni makutano. Jina la Simoni limeondolewa kwenye mstari ule kwa sababu ile ile. Pamebaki kasoro moja tu, Simoni mwenyewe anatajwa kwa jina Luka 4:38 bila hata kutambulishwa, kama vile msomaji anamjua tayari, na anamjua kutoka wapi wakati Luka hajamtaja popote? Huu ni mkono wa mhariri. Luka alikuwa na maandishi ya Marko mbele yake, akahamisha tukio, na akarekebisha mistari iliyoguswa na uhamisho. Hakuwa anafanya kwa mara ya kwanza pia, sura hiyo hiyo ya 4 amelileta mbele tukio la Nazareti ambalo Marko analo sura ya 6, na matokeo yake Yesu anawaambia watu wa Nazareti kwamba watamdai afanye mambo waliyosikia ameyafanya Kapernaumu wakati kwenye kitabu cha Luka hajafika Kapernaumu bado.

Jibu la kale ni la Augustino, askofu wa Hipo, kwenye kitabu chake cha upatano wa wainjilisti alichoandika karibu mwaka 400. Yeye anasema ya Luka yalitokea kwanza, wavuvi wakarudi kwenye kazi yao kama kawaida, halafu baadaye ndipo Yesu akapita na kuwaita kama Marko na Mathayo wanavyosema, safari hiyo wakaondoka moja kwa moja. Hili ndilo jibu dhaifu kuliko yote na bado ndilo linalokopwa kila siku kwenye mimbari na kwenye vitabu vya kujibu maswali. Luka 5:11 inasema waliviegesha vyombo pwani, wakaacha vyote, wakamfuata. Ukisema walirudi kuvua, umeiokoa Marko kwa kuitoboa Luka. Halafu unatakiwa uamini kwamba Simoni aliambiwa mara mbili kwamba atavua watu, ziwa lile lile, akiwa na wana wa Zebedayo wale wale, akaacha kila kitu mara mbili. Na mpangilio wa Augustino unahitaji ya Luka yatangulie, lakini kwa Luka mama mkwe ameshapona kabla ya ziwa wakati kwa Marko anapona baada ya wito, kwa hiyo ukitaka kila tukio likae pake itabidi mama wa watu aponywe homa mara mbili au uvunje mpangilio wa mmoja wao. Kama utauvunja mpangilio wa mmoja, si ndio ninachosema mimi tangu mwanzo?

Kuna na ile ya samaki. Luka 5 inafanana mno na Yohana 21, baada ya ufufuo, usiku mzima patupu, nyavu zinashushwa kwa neno, samaki wanajaa (Yohana anahesabu 153), Petro ndiye anayebebwa na tukio zima. Wasomi wengi wanaona ni kumbukumbu moja iliyosimuliwa sehemu mbili. Wengine wanakataa, wanasema usiku wa patupu ni maisha ya kawaida ya mvuvi na hawakosei, nyavu zile zilifanya kazi usiku na kuoshwa asubuhi ndio maana Luka anawakuta wanaosha. Mimi naegemea kwamba ni kumbukumbu moja, kwa sababu ile "ondoka kwangu mimi ni mwenye dhambi" inakaa vizuri zaidi mdomoni mwa Petro aliyekwisha kumkana bwana wake kuliko Petro ambaye ndio kwanza anaanza kumfuata. Siwezi kuliapia hili.

Hapo ndipo mhadhiri atashangilia: umekubali mwenyewe, Luka amehamisha, basi kitabu kimechakachuliwa. Taratibu. Hii hoja inasimama tu kama Luka alimuahidi mtu ratiba ya siku kwa siku akamdanganya. Tangu mwanzoni mwa karne ya 2 Papia, askofu wa Hierapoli, alishasema wazi kwamba Marko aliandika kwa usahihi alivyokumbuka mahubiri ya Petro lakini sio kwa mpangilio wa matukio. Hakusema kwa kunong'ona na hakuna aliyemfukuza. Origene, mwanazuoni wa kanisa wa karne ya 3, kwenye ufafanuzi wake wa Injili ya Yohana, alikwenda mbali zaidi, akasema mtu akizichunguza Injili nne kwa upande wa historia peke yake anaweza kupata kizunguzungu, na kwamba wainjilisti wakati mwingine walihifadhi ukweli wa kiroho ndani ya kitu ambacho kwa sura ya nje hakikutokea hivyo. Unaweza usikubaliane na Origene, kuna watu hawakukubaliana naye kwa mengi, lakini huwezi kusema tofauti hizi zimegunduliwa juzi na jamaa mwenye kipaza sauti. Na Tatiani, mwandishi Mkristo, alipojaribu karne ya 2 kuzishona Injili nne ziwe simulizi moja, kitabu chake kikasomwa Syria muda mrefu kweli, bado kanisa mwishowe likaamua kubaki na nne. Lingeweza kujiondolea aibu kirahisi sana. Halikufanya hivyo.

Kila mmoja ukimsoma peke yake unaona alikuwa anataka nini. Marko amechonga wito wake kwa umbo la Eliya na Elisha, 1 Wafalme 19, nabii anapita, anamkuta mtu kazini analima na ng'ombe jozi kumi na mbili, anamtupia vazi, mtu anaacha kazi na wazazi. Tofauti ni kwamba Elisha anaomba akawabusu wazazi wake na anachinja ng'ombe watu wanakula, wavuvi hawaombi hata dakika. Marko anakwambia huyu ni mkubwa kuliko Eliya, ndio maana ameondoa kila kitu kingine, hata sababu. Luka anaona msomaji wake Theofilo atauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza, kwamba mtu mzima mwenye chombo na mke anaachaje kila kitu kwa sentensi moja ya mpita njia? Kwa hiyo anampa Simoni sababu kwanza: mafundisho ameyasikia, mama mkwe ameona anapona, samaki amewavuta kwa mikono yake. Yohana anataka uone ushuhuda unavyopita mtu kwa mtu, na ndio maana kwenye sura yake ya 1 Yesu anasema "nifuate" kwa mtu mmoja tu, Filipo.

Sasa hili lina uzito gani kwa watu wa kawaida? Lina uzito mkubwa kuliko mihadhara, kwa sababu Marko 1 ndiyo inayotumika kuwaambia vijana waache kazi, waache chuo, waache hata mchumba, "mara wakaacha nyavu", usiulize, usifikiri, ukifikiri ni shetani. Mahubiri ya aina hiyo yanasimama kwa Marko na Mathayo anayemfuata, na kuzifunga zile Injili nyingine mbili. Ukimsoma Luka utakuta Simoni amemsikia na kumuona mtu huyu kabla ya kuamua. Ukimsoma Yohana utakuta wale wawili waliuliza swali na wakaenda kuona anapokaa. Na hata Marko mwenyewe hakuimaliza habari kwa kuacha nyavu: nyumba ya Simoni na Andrea ipo, wanaingia humo wakitoka sinagogi, sura ya 3 wanafunzi wanaambiwa wamwekee Yesu chombo tayari, na vyombo vinaendelea kutumika kitabu kizima. Chombo cha karne ile kilichookotwa mwaka 1986 karibu na Ginosari, kando ya ziwa la Galilaya, na ndugu wawili wavuvi, wakati wa ukame ziwa lilipokauka kingo, kina urefu wa mita 8 na kitu na upana mita 2 na kitu, sio ngalawa ya mtu mmoja, ni mtaji wa familia. Zebedayo alibaki na watu wa mshahara, kwa hiyo biashara haikufa asubuhi ile. Mama wa wanawe, kwa mujibu wa Mathayo 27, alikuwa miongoni mwa wanawake waliofuata toka Galilaya wakihudumia, kwa hiyo familia haikukatwa vipande kama tunavyohubiriwa. Na Paulo akiwaandikia Wakorintho miaka ishirini na kitu baadaye, 1 Wakorintho 9:5, anamtaja Kefa kama mtu anayesafiri na mkewe. Mhubiri anayemwambia kijana aache vyote leo jioni inabidi amuonyeshe na mstari huo, halafu amueleze mke wa Petro alitokea wapi kama Petro aliacha vyote kwa maana hiyo anayoitaka yeye.